Bajaji ya umeme mwisho wa reli: vijana watano, banda moja na swali la mbalamwezi

Saa kumi na moja jioni ukishuka mwalo wa Katonga hapa Kigoma, kabla hata hujaona mitumbwi unaona betri. Zimepangwa kwenye ubao mrefu ndani ya banda la mabati, kila moja ina alama ya rangi ya mwenyewe, huyu kachora samaki, huyu kapaka njano na kijani watu wajue ni Yanga, mwingine kapiga herufi mbili tu za jina lake af kazizungushia duara, na waya zimetambaa juu ya ubao kama mizizi ya mwembe. Ni betri za taa za kuvulia dagaa. Zamani ilikuwa karabai, mafuta ya taa na kile kipuli kinapasuka ukipiga chafya karibu yake, siku hizi wengi wamehamia taa za LED, betri inachajiwa mchana inaingia ziwani usiku, asubuhi inarudi.

Naanza na hilo banda kwasababu kisa chote kinaishia hapo hapo, na kwasababu kila nikisikia mtu anasema usafiri wa kijani ni mambo ya Dar na Kigali mi nacheka. Huku teknolojia ya betri iliingia bila semina, bila bango, mvuvi alipiga hesabu ya mafuta ya taa akaona anachomeka, akabadili. Basi.

Mi nina steshenari, naprinti, natoa kopi, na nawaandikia watu maandiko ya mikopo. Ndo nilivyoingia kwenye hii ishu. Walikuja vijana watano, wawili wanaendesha boda za mkataba, mmoja bajaji ya mtu anapeleka hesabu kila jioni, mmoja ndo mwenye lile banda la betri, na dada mmoja anayechukua dagaa mwaloni anapandisha Mwanga sokoni. Wazo lao lilikuwa tamu sana kulisikia: kikundi, mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani, wanunue bajaji za umeme kumi, za abiria na za mzigo, mji mzima ubadilike. Nikaandika. Nakiri niliandika kwa mbwembwe, mpaka neno ubunifu liliingia mara nyingi kuliko neno marejesho.

Andiko likarudi, na halikurudi kwa ubaya. Afisa maendeleo wa kata aliwakalisha chini akawauliza maswali matatu tu. Hizo bajaji kumi mtazichaji wapi? Mtapaki wapi? Na mwezi ukiwa mkubwa, wanangu, mtalipa nini?

Hilo la tatu mtu wa bara asiyejua ziwa halielewi so ngoja nilieleze vizuri. Dagaa wanavuliwa kwa taa, taa inawaita kwenye giza. Mbalamwezi ikitoka taa haina kazi, wavuvi wanavuta mitumbwi juu, wanashona nyavu, wanalala. Yaani karibu wiki nzima kila mwezi mwaloni panapoa, na mwalo ukipoa boda hana mzigo, bajaji hana abiria wa alfajiri, mama wa dagaa hapandi chombo, hata muuza chai anapunguza sukari anayonunua. Pesa ya huku haifuati tarehe 30, inafuata mwezi wa angani. Sasa we umekopa na ratiba inasema kila tarehe fulani leta laki kadhaa, af tarehe hiyo imeangukia katikati ya mbalamwezi, unaleta nini? Unakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba ya kuumiza, ulipe mkopo usio na riba. Nimeona kwa macho yangu watu wakifanya hivyo na wakiambiwa ni wazembe.

Baada ya hapo ndo nikakaa nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla sijaprinti: hivi manispaa ina mamlaka gani hasa kwenye mambo haya? Maana sisi wananchi kila kitu tunamwagia manispaa, barabara mbovu manispaa, nauli kupanda manispaa, mafuta juu manispaa.

Twende taratibu. Barabara za mtaa ni TARURA tangu 2017. Leseni ya kusafirisha abiria ni mambo ya LATRA hata pale halmashauri inapoitoa kwa niaba yao. Bandari, kuanzia ile kubwa mpaka Kibirizi na Ujiji, ni TPA. Bei ya mafuta ni EWURA, Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatoa bei elekezi, na Kigoma siku zote tuko kwenye kundi la bei za juu kwasababu petroli inasafiri zaidi ya kilomita elfu moja toka Dar ndo itufikie. Ushuru wa forodha unapangwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, VAT ni ya Hazina, hata kodi ya jengo ambayo zamani halmashauri ziliitegemea, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU na haiendi kwao moja kwa moja. Ukinunua umeme wa kuchaji bajaji kwenye mita ya nyumba unalipia na kodi ya jengo humo humo, hiyo mtu asikuambie ni utani.

Kwahiyo manispaa imebaki na nini? Ina ushuru wa mazao na samaki. Ina ushuru wa huduma, kasehemu kadogo ka mauzo ghafi. Ina leseni za biashara, ina stendi, maegesho, masoko, mialo wanayosimamia na BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo, ina viwanja, na ina hiyo asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo kisheria inagawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ukiitazama hiyo orodha kwa utulivu unaona kitu. Haina bei hata moja mkononi. Ina ENEO na ina RATIBA. Nani asimame wapi, nani achomeke wapi, nani alipe lini. Huo ndo msimamo wangu kwenye kisa hiki chote na mtu anayetaka kubishana abishanie hapo.

Sasa presha ya biashara. Kigoma ni mwisho wa reli, watu wanasema hivyo kama utani lakini reli ilifika hapa 1914, na sababu moja kubwa ni kwamba upande wa pili kuna Congo. Mpaka leo mzigo unaoshuka hapa mwingi haubaki hapa, unaenda Kalemie, unaenda Uvira, unaenda Bujumbura, mwingine mpaka Mpulungu Zambia. Saruji, unga, chumvi ya Uvinza, vinywaji, ndoo za plastiki, kila kitu. Mteja wetu mkubwa anaishi kwenye nchi nyingine na anatumia hela nyingine, akipata homa sisi tunapiga chafya.

Na amepata homa nyingi. Mwaka 2025 mwanzoni Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa waasi wa M23, njia za biashara za Kivu zikavurugika, na huku Kibirizi ukikaa na makuli utasikia kwa lugha yao wenyewe, bao zima limeisha na boti haijajaa. Burundi nayo imekuwa na uhaba mrefu wa mafuta, na uhaba wa mafuta kwa jirani una tabia mbili, unafanya biashara yake isinyae na unafanya madumu ya huku yawe na miguu. Congo iliingia Jumuiya 2022 tukasema sasa mambo yatanyooka, ila kuingia kwenye jumuiya ni kitu kimoja na meli kujaa ni kitu kingine.

Af kuna ziwa lenyewe. 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, samaki wazaliane. Mi sipingi, dagaa walikuwa wanapungua kila mtu anajua, hata wavuvi wenyewe ukiwakuta peke yao bila kamera wanakubali. Ila angalia inavyompiga huyo wa boda. Mvuvi anajulikana kaathirika, anatajwa kwenye vikao. Dereva aliyekuwa anabeba madishi ya dagaa alfajiri hatajwi popote, yeye kwenye makaratasi ni usafirishaji, na usafirishaji haukufungwa.

Jingine la 2025, mwezi Julai ilitoka amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na ndani yake kuna ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki. Kwingine labda ni habari ya Kariakoo. Hapa kwetu mtu aliyekuwa anajua kufungua betri ya lithiamu akaipima seli moja moja bila kuichoma alikuwa mkaka wa ng'ambo ya ziwa, jirani ya lile banda. Sisemi amri ni mbaya, vijana wetu nao wanataka kazi. Nasema tu ufundi ule ulihama kabla hatujaukariri, na hakuna andiko la mradi lililokuwa na kifungu cha nani atatengeneza ikiharibika. Hata la kwangu halikuwa nacho.

Haya hesabu. Nilimwambia dereva wa bajaji aniletee siku kumi za ukweli, si zile za kumwambia bosi. Wastani alikuwa anachoma lita nne kwa siku, kwa bei ya huku wakati ule ya elfu tatu na kitu unaongelea elfu kumi na mbili na zaidi. Umeme wa mita ya biashara ndogo, buku lilikuwa linakupa yuniti 2.8. Tukakadiria bajaji ya umeme kwa mizunguko ile ile itakula yuniti nane, nikaongeza kidogo kwa ajili ya milima maana mji huu haujanyooka, kutoka stesheni kupandisha Mwanga hata mtu mwenye pumzi anapumzika. Inakuja elfu tatu hivi. Tofauti elfu tisa kwa siku. Hapo kila mtu alianza kutabasamu na mi nikawazima: elfu nne kati ya hizo usile, ni ya betri, kwasababu betri ni tenki la mafuta ambalo ulilipia petroli ya miaka kadhaa kwa mkupuo, na siku ikifa utalipia tena kwa mkupuo. Asiyeweka hiyo elfu nne anaendesha bajaji ya mkopo kwa furaha ya mwaka mmoja na nusu, basi.

Na kuna jambo zuri la kukumbuka hapa. Mpaka 2022 Kigoma tulikuwa nje ya gridi ya taifa, umeme wetu ulikuwa majenereta ya dizeli yananguruma usiku kucha. Bajaji ya umeme wakati ule ingekuwa ni bajaji ya dizeli iliyojificha tu, na ya gharama zaidi. Gridi ilipofika ndo hesabu ikawa hesabu. Kwahiyo mtu anayesema vijana wa Kigoma wamechelewa ubunifu aulize kwanza waya ulifika lini.

Kwenye mkopo pia kuna historia. Hii mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 kwasababu ya mambo kama vikundi hewa, iliporudi 2024 kukawa na halmashauri 10 za majaribio ambazo hela inapitia benki, na Kigoma Ujiji ni mojawapo, pamoja na Dar, Dodoma, Songea na wengine. Benki ina faida yake, kikundi hewa hakipiti kirahisi. Ila benki ni mtu wa tarehe. Benki haijui mbalamwezi. Na hapo ndo eneo na ratiba vinakutana, kwasababu masharti ya marejesho yanaweza kuongewa kabla ya kusaini, baada ya kusaini umekwisha.

Andiko la pili tuliliandika siku nne, kurasa chache, mbwembwe sifuri. Bajaji mbili badala ya kumi, moja ya mzigo moja ya abiria. Tuliomba mambo ambayo hayagharimu manispaa karibu chochote. Kwanza kipande cha ardhi ya mwalo, ukubwa wa maegesho ya gari mbili, kiandikwe rasmi kuwa ni sehemu ya kuchaji, isije siku mtu wa mgambo akaona waya akadhani ni uchafu. Pili nafasi mbili za kusimama pale sokoni Mwanga saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, zile saa ambazo dagaa wanapanda. Tatu, na hapa ndo nilijivunia, jedwali la marejesho lililochorwa kwa kalenda ya mwezi: wiki tatu za giza unalipa, wiki ya mbalamwezi hulipi, na ziwa likifungwa marejesho yanashuka mpaka ile hela ya abiria tu. Jumla ni ile ile. Mwaka ukiisha mkopeshaji hajapoteza shilingi.

Yule afisa alilisoma lote mbele yetu, kimya, akipiga piga kalamu kwenye meza. Akauliza kama tumewahi kuwaonyesha BMU. Hatukuwa tumewaonyesha. Akatutuma huko kwanza, na kumbe alikuwa sahihi, mwenyekiti wa BMU alihamisha banda kwenye mchoro wetu hatua kama ishirini juu, kwasababu, alituambia, nyie hamkuwepo 2020 ziwa lilipopanda. Tulikuwepo bana, ila tulisahau. Maji yalikula mialo na nyumba za pwani mwaka ule na uliofuata, na sisi tulikuwa tunataka kuweka mita ya umeme pale pale yalipofika.

Eneo likapatikana, sokoni pia. Ratiba ya mbalamwezi haikupita kama tulivyoiomba, ilikubalika nusu: miezi ya mwanzo ya kupumua, af marejesho ya kila mwezi ila tarehe tuchague wenyewe. Tukachagua. Si haba, ingawa mi bado nalilia ile kalenda.

Bajaji ya kwanza ilikuja na kasoro na hiyo simlaumu mtu wa hapa, muuzaji alikuwa wa mbali na simtaji. Tuliahidiwa betri ya uwezo fulani, siku ya kwanza ikiwa na madishi sita ya dagaa ikakata pumzi nusu ya mlima. Watu wakasukuma. Wenye boda za petroli walipiga honi mpaka honi zikachoka, mmoja akajitolea kuivuta kwa kamba, na ile picha ilizunguka kwenye magrupu ya mji mzima ndani ya saa moja. Yule kijana wa banda ndo alitoa suluhisho, hakusubiri fundi wala muuzaji. Akagawa mzigo, madishi manne kila safari, na betri inabadilishwa mwaloni badala ya kusubiri kuchaji, kwasababu yeye ile kazi ya kupokea betri tupu na kutoa iliyojaa kaifanya kwa wavuvi miaka. Betri ya pili ikanunuliwa kwa zile elfu nne nne na mchango wa dada wa dagaa.

Kitu kinachonisumbua kwenye kisa hiki si hizo bajaji mbili. Ni kwamba mji unakuja kubadilika na hatujaamua nani anasimama wapi. Mkataba wa reli ya kisasa, SGR, ya Tabora mpaka Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506, na kuna kipande kingine cha kutoka Uvinza kwenda Musongati Burundi. Mzigo ukianza kushuka kwa kasi hiyo, kila kiwanja karibu na stesheni na Kibirizi kitakuwa na mwenyewe ndani ya miezi, na sehemu ya kuchaji bajaji itatafutwa wakati bei ya ardhi ishapaa. Kuandika leo kwenye mpango wa mji kuwa hapa ni maegesho ya vyombo vya umeme, pale ni pa kubadilishia betri, ni karatasi na mhuri tu. Keshokutwa ni fidia.

Na kuna mtego mmoja ambao sijaona mtu anauongelea. Barabara za TARURA zinapata hela kwenye tozo ya mafuta, 2021 iliongezwa shilingi mia kwa kila lita kwa ajili hiyo. Bajaji ya umeme hailipi hata senti ya tozo hiyo. Zikiwa mbili hakuna shida. Zikiwa mia tano, barabara ya Katonga itajazwa mashimo na nani? Mi sina ugomvi na mtu akija kutoza kidogo, ila atoze kwa kujua na aje kabla vijana hawajapiga hesabu zao, si baada.

Juzi nilishuka mwaloni kuchukua hela yangu ya kuprinti ambayo walikuwa wananiomba subira. Giza lilikuwa limeanza, betri za taa zinaondoka ubaoni moja moja na wenyewe, na kwenye kona ya ubao ule ule betri kubwa ya bajaji inachaji, wameipaka samaki na wameandika kwa rangi nyeupe USIGUSE. Nikauliza bajaji iko wapi. Imeenda Ujiji na abiria watatu, wakanijibu, na ile nyingine inasubiri dagaa.